Alama ya Koti Ukutani

Fundi rangi aliyetumwa na kaunsili, halmashauri ya mji, alifika Jumanne asubuhi, mtu mzima mwenye magoti yanayolalamika kila anapoinama, akaanza kazi kwenye korido yetu bila maneno mengi. Alipaka ukuta mmoja, akapaka wa pili. Alipofunga mlango wa mbele ili aufikie ukuta ulio nyuma yake, akaniita. Pale juu, chini kidogo ya msumari mkubwa, kulikuwa na alama nyeusi yenye mabega mapana na mikono miwili inayoning'inia. Akaigusa kwa kidole, akanusa kidole, akasema hiyo ni nta, imeingia mpaka kwenye plasta, na rangi haiwezi kushika juu yake. Itabidi aikwangue, apige plasta mpya, ndipo apake. Akauliza hapo palikuwa na nini.

"Koti," nikamwambia.

"La nani?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, lakini nilishindwa kulijibu kwa neno moja. Nikamwambia apumzike kwanza, nimchemshie chai. Na wewe vuta kiti, maana jibu lenyewe ni refu kuliko kikombe cha fundi.

Baba alilinunua koti lile hapa hapa Walthamstow, London, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ule mwisho wa soko ambako watu huja na vitu vya nyumbani kwao na kuvipanga chini. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiingereza aliyekuwa anahama. Lilikuwa koti la watu wa shamba, la kitambaa kizito cha pamba kilichonyweshwa nta, rangi ya kijani iliyoelekea kwenye weusi, kola ya kahawia, bitana ya mirabaraba. Tangu siku ile lilikuwa limechakaa. Kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka, na ndani ya bitana kulijaa nywele nyeupe za mbwa, mama akakaa juma zima akizitoa moja moja kwa kibanio, huku akimwambia baba kwamba amenunua koti na mbwa wake.

Wenzake wa nyumbani walimcheka. Jumapili, Watanzania walipokutana kwenye ukumbi wa kanisa, wanaume walivaa suti na baba akaingia na koti lake. "Mwenzetu umevaa turubai," wakamwambia. "Lori lako umeliegesha wapi?" Naye akawajibu bila haraka: "Suti yako ikilowa utaivua. Hili likilowa, mimi nitakuwa ndani yake, mkavu." Alikuwa na maneno yake kuhusu hali ya hewa ya London. Alisema mvua ya kwetu Bukoba hupiga ikaondoka, lakini ya huku haipigi, inahamia.

Kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha mabasi kwenye gereji. Jioni alipoingia, kabla hata hajasema neno, harufu ya koti ilikuwa imeshafika jikoni: nta, dizeli, na kahawa. Kahawa kwa sababu mifukoni hakukosa punje za kahawa ya kutafuna, zile zinazochemshwa na majani ya porini kisha zikakaushwa, ambazo ndugu walimletea kutoka nyumbani zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Koti lilikuwa pia na mfuko mkubwa wa ndani, nyuma mgongoni, wa kuwekea ndege waliowindwa. Baba hakuwinda kitu. Mle alitia kabichi, samaki wa Jumamosi, mikate miwili, na mara moja sufuria yenye mfuniko wake. Tuliposikia ufunguo mlangoni tulikimbia kwenda kumpapasa mgongo ili tujue tutakula nini.

Na kila mwaka, mwezi wa kumi, ilikuwepo Jumamosi ya kupaka. Koti la namna ile halifuliwi. Hufutwa kwa maji baridi na sponji, kisha hupakwa nta upya, la sivyo linaanza kunywa maji. Baba alitandika magazeti juu ya meza ya jikoni, akaweka kopo la nta kwenye beseni la maji ya moto mpaka ikayeyuka na kung'aa. Alichovya kitambaa, akapaka, akikazia kwenye mishono. Mama alishika mashine yake ya kukaushia nywele akapuliza hewa ya moto ili nta izame. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mikono ya koti isijikunje. Maharage yakichemka pembeni, ndizi zikisubiri zamu yao, madirisha yakiwa na ukungu wote wa jikoni. Nilidhani kila nyumba ya London ina siku yake ya kupaka koti.

Mama alifariki mdogo wangu wa mwisho alipokuwa na miaka miwili. Baba aliendelea na sisi watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na huyo kitinda mimba. Mashine ya nywele ikawa kazi ya kitinda mimba, aliyeishika kwa mikono miwili kama bomba la zimamoto.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mwishoni mwa mwezi wa tisa, baba alimaliza kufagia basi, akakaa kiti cha nyuma kabisa kupumzika, ufagio mapajani, na hakuinuka tena. Walituletea koti lake ndani ya mfuko wa plastiki. Nililitoa, nikalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na Jumatatu iliyofuata mazishi nikalivaa, nikaenda kufanya kazi kwenye meza ya mama mmoja sokoni aliyeuza ndizi za kupika, viazi vikuu na bamia. Shule niliiacha wiki hiyo hiyo. Mwalimu wangu wa hesabu alikuja mpaka nyumbani, akakaa kwenye ngazi, akasema nafasi yangu haitafungwa. Alisema kweli, mimi ndiye sikurudi, na sijifanyi kwamba halikuniuma. Lakini soko lilianza asubuhi na kumalizika kabla ya giza kuingia sana, na watoto walihitaji mtu wa kuwapikia.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Reading kukaa nasi mpaka arobaini. Ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye sauti ya upole na mafaili mengi, alituambia mambo yalivyo: nitimize kwanza miaka kumi na minane, mwezi wa kwanza. Mpaka hapo, wadogo zangu wanaweza kubaki nyumbani ikiwa mtu mzima wa ukoo atakubali kuishi nasi. Asipopatikana, watapelekwa kwa ndugu. Alisema ni juu ya familia kukubaliana. Na familia, kwa kauli ya mwisho, ilikuwa baba mdogo, aliyeishi Birmingham.

Sasa nikueleze desturi. Kwetu msiba unapofungwa, nguo za marehemu hugawiwa, na mrithi huvikwa vazi la marehemu mbele ya watu. Anayevikwa ndiye nyumba inamwangalia kuanzia siku hiyo. Vazi la baba lilikuwa moja tu, hakuna aliyebisha. Na mrithi alikuwa mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi, kwa sababu mimi ni mwanamke.

Jioni ya kuamkia arobaini nilirudi kutoka sokoni bila koti. Mchana hakukuwa na mvua, na asubuhi shangazi alikuwa ameniomba niliache. Nilipofungua mlango, msumari ulikuwa mtupu. Jikoni mashine ya kufulia ilikuwa inakoroma kama mgonjwa.

"Shangazi, umeweka nini humo?"

"Koti la kaka. Nguo ya marehemu haivishwi mtu na jasho lake. Nimelitia sabuni mara mbili, maana lilikuwa na uchafu wa ajabu, unanata."

Alikuwa amewasha maji ya moto kabisa. Nilikaa sakafuni mbele ya kile kioo cha mviringo, nikatazama koti la baba likizunguka kwenye povu la rangi ya matope. Lilipotoka lilikuwa limelegea kama khanga iliyofuliwa miaka ishirini, lina mabaka meupe kwenye mabega, na linanuka maua ya sabuni. Nta yake ilibaki ndani ya mashine, na kwa mwezi mzima baadaye mashati ya shule yalitoka na madoa ya mafuta. Lakini hayo yalikuwa madogo. Kilichonikata pumzi ni kwamba nilizamisha uso kwenye kola na baba hakuwemo.

Kesho yake sebule ilijaa. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi, kisahani cha punje za kahawa kikipita mkono kwa mkono. Baba mdogo, mtu mrefu, mwenye sauti ya baba ila kavu zaidi, alisimama, akamwita mdogo wangu, akamvika koti. Lilimfika chini ya magoti. Mikono ilivuka vidole vyake ikaning'inia. Watu wengine walifuta machozi, wengine walificha kicheko. Mdogo wangu alinitazama mimi.

"Dada," akasema, "limekuwa jepesi."

Baba mdogo akaeleza mpango. Mrithi ataenda naye Birmingham, na koti lake, litamtosha akikua. Kitinda mimba ataenda na shangazi Reading. "Na huyu mkubwa wetu," akasema akinielekeza mkono, "ni mtu mzima sasa, ana kazi yake, atajipanga. Atakuja kuwaona wenzake sikukuu." Akasema baada ya Jumapili mbili atakuja na maboksi.

Nikasimama. Nilikuwa na sinia ya vikombe mkononi, nikaiweka chini kwanza.

"Baba mdogo, naomba kusema."

"Sema, binti."

"Koti haliendi Birmingham. Na watoto hawaendi popote."

Mtu mmoja aliacha kutafuna.

"Atawalea nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na shangazi, kama atakubali, mpaka nitimize miaka. Baada ya hapo, mimi."

Shangazi aliangalia zulia. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa amefiwa na kaka yake na alitaka mambo yakae mahali pake. Akashika mkono wa koti, akauinua watu waone.

"Binti, tazama. Kaka alilitunza koti hili miaka yote. Ninyi limewashinda siku arobaini. Sasa hivi halizuii hata umande. Wewe utazuia nini?"

Watu wakacheka. Shangazi, aliyelifua, ndiye aliyecheka kidogo kuliko wote.

"Nikilirudisha lilivyokuwa?" nikamwuliza.

"Ukilirudisha lilivyokuwa, tutaongea," akasema, akaketi, akaomba chai. Kwake ilikuwa njia ya kufunga maneno. Mimi niliichukua kama ahadi.

Kopo la nta la baba lilikuwa limekwisha mwaka uliotangulia, na karatasi yake ilishafutika maandishi kwa kuogeshwa kwenye beseni. Nilijua namna ya kupaka, sikujua kinachopakwa. Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, shangazi aliniita jikoni. Alikuwa ameshika bati la samli.

"Mama yetu," akasema, maana yake bibi yangu kule Bukoba, "alipaka samli ngozi ya kulalia. Ngozi ikawa laini, na mtoto akikojoa mkojo unateleza. Hili nalo si ngozi tu?"

Usitucheke bado. Samli ilikaa kwenye maji ya moto ikayeyuka na kung'aa vilevile kama nta ya baba. Tulipaka koti lote, mishono na yote. Nilipomimina kikombe cha maji begani, yalikimbia kama shanga. Shangazi akapiga makofi mara moja. Nililivaa kwenda kazini nikiwa nimenyoosha mgongo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili jua lilichungulia, na mama mwenye meza alikuwa amewasha jiko dogo la gesi chini yetu kupasha miguu. Kufikia saa sita mchana nilinuka kama harusi. Mbwa wa mteja alivuta kamba yake akaja kulamba pindo la koti, akakataa kuondoka, mwenyewe akaomba radhi mpaka akachoka. Njiwa walinizunguka. "Wewe leo unauza ndizi au unazikaanga?" akaniuliza mama mwenye meza. Siku ya tatu samli ilianza kuchacha. Kwenye basi mama mmoja alihama kiti, akahama tena.

Mkabala na meza yetu kulikuwa na duka la vitasa, misumari, gundi na dawa za viatu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, aliyekuja kila asubuhi kwa treni kutoka Queensbury, na ambaye kwa miaka yote alinisalimia kwa Kiswahili safi kuliko cha vijana wetu. Alhamisi nikaingia kununua uzi. Aliinua pua kabla hajainua macho.

"Binti, umepika nini ndani ya koti?"

"Shikamoo, mzee. Nimelipaka samli."

"Marahaba. Umelipaka?"

"Samli. Lisipitishe maji."

Alivua miwani, akaweka paji la uso juu ya kaunta, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anafuta macho. "Mke wangu asisikie," akasema. "Atalia kwa samli, siyo kwa koti." Halafu aliniangalia vizuri, akaacha kucheka. Nadhani alilijua koti. Baba alikuwa mteja wake.

"Nina siku kumi," nikamwambia. "Lisiporudi lilivyokuwa, watoto wanachukuliwa."

Sikumweleza zaidi, wala hakuuliza. Alipanda ngazi yake fupi, akashusha kopo bapa, akalifungua ninuse. Ilikuwa harufu ya korido yetu saa kumi na mbili jioni.

"Kwanza toa samli," akasema. "Lijaze unga wa mahindi, lilale nao usiku kucha, unga unakunywa mafuta. Kesho lipige mswaki. Fanya tena, na tena, mpaka unga utoke mkavu. Sabuni usiisogeze. Maji ya moto usiyasogeze. Halafu ndipo nta." Nilipoingiza mkono mfukoni akaurudisha. "Niletee ndizi mbichi kutoka mezani kwenu. Nyumbani kwangu tumechoka viazi."

Kwa hiyo koti la baba lililala juu ya meza ya jikoni likiwa limefunikwa unga wa ugali kama samaki anayesubiri kukaangwa. Usiku wa kwanza unga ulitoka mabonge ya njano. Wa pili, wa tatu, wa nne. Tulikula mkate, kwa sababu unga wote ulikuwa unatumika. Mdogo wangu wa kiume alilipiga mswaki kila asubuhi kabla ya shule, na alikwenda darasani na unga kwenye nyusi.

Jumamosi ya pili tukalipaka. Haikuwa tena mwezi wa kumi, lakini tulitandika magazeti, tukaweka beseni, na kitinda mimba akaitoa mashine ya nywele ya mama kwenye boksi lake. Nilipaka mimi, na mdogo wangu wa kiume akavuta mikono ya koti kama nilivyokuwa nikiivuta. Kola ilikosa mtu wa kuishika. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akaja akaishika.

"Nilitaka liende safi," akasema, bila kuniangalia.

"Najua, shangazi."

"Kaka alikuwa msafi. Utotoni alikuwa anafua hata kamba ya mbuzi."

Watoto wakacheka, wakataka hadithi zaidi, naye akaanza kutoa: kaka yake na mbuzi, kaka yake akikamata senene, wale panzi wa kuliwa, chini ya taa ya misheni na kuwatia kwenye soksi, kaka yake akiapa kwamba atasafiri mpaka mahali ambako hakuna mtu atakayemtuma maji. Nta ilizama, mabaka meupe yakafa moja baada ya jingine, na rangi ya kijani ikarudi kutoka chini, nzito, kama mtu anayeamka. Tulilitundika kwenye msumari likiwa bado na joto. Ndiyo siku ukuta ulipoanza kushika ile alama sawasawa, maana nilipaka nyingi kupita kiasi. Nilitaka kuwa na hakika.

Baba mdogo alifika Jumapili, mvua ikiwa imehamia tangu Ijumaa. Aliacha gari mbali kwa sababu mtaa ulijaa, akaingia ameloa mpaka kwenye soksi, akatundika koti lake la sufu juu ya redieta ya kupasha nyumba joto, likaanza kutoa mvuke. Maneno aliyoniambia siku ya arobaini alikuwa ameyasahau kabisa. Alikunywa chai, akauliza kama watoto wameshafungasha. Nikamwambia hawajafungasha, na hawatafungasha.

"Binti, tusianze tena. Maboksi yako kwenye gari. Nayaleta."

Akatoka kwenye korido. Koti lake lilikuwa linachuruzika, kwa hiyo akanyoosha mkono nyuma ya mlango, bila kuwaza, akachukua lililokuwepo, akavaa, akatoka.

Nilisimama dirishani na watoto. Tulimwona akitembea mpaka kona ya mtaa, tukamwona akirudi mikono mitupu, na kabla ya kufika getini akasimama. Alisimama kwenye mvua ile, ameinamisha kichwa, anatazama maji yakigonga kifua cha koti na kuteleza. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa. Akanusa kola. Alikaa pale muda mrefu hata kitinda mimba akauliza kama amepotea.

Alipoingia, mvua haikuwa imefika kwenye shati lake. Alifungua kiganja, akaweka juu ya meza punje moja ya kahawa, imevimba, imepauka, iliyokuwa imepenya kwenye tundu la mfuko ikajificha ndani ya bitana, ikanusurika na sabuni, samli na unga.

"Linanuka samli," akasema.

Akavuta kiti, akakaa na koti mwilini.

Shangazi ndiye aliyesema. "Mimi huku nina nguo za kubadilisha mara mbili tu. Atakayenipeleka Reading nikachukue nyingine ni nani? Mpaka mwezi wa kwanza ni mbali."

Baba mdogo alimtazama dada yake, akatazama watoto, akanitazama mimi. Akasogeza kikombe chake mbele kiongezwe chai.

"Maboksi yapo kwenye gari," akamwambia dada yake. "Utatia nguo zako."

Sijidanganyi kwamba koti ndilo lililotuweka pamoja. Waliotuweka pamoja ni shangazi, aliyehamia kwa miezi miwili akakaa miaka mitatu, na yule ofisa wa mafaili aliyetafuta kila karatasi iliyowezekana kutafutwa. Lakini nilipokwenda kutia saini karatasi za kuwalea wadogo zangu, mwezi wa kwanza, siku mbili baada ya kutimiza miaka, nilikwenda na koti la baba, mikono nimeikunja mara mbili, na sikuona baridi.

Baada ya hapo lilikwenda kwa zamu. Mdogo wangu wa kiume alirefuka, akalivaa miaka yake ya sekondari, akalitoboa kwa moto wa fataki, nikaliwekea kiraka. Alilivaa siku ya kwanza ya kazi yake ya umeme. Zipu ilikufa, nikaibadilisha. Bitana ikaoza kwapani, nikashona nyingine ya mabaki ya kitenge cha mama, hivyo nje lilibaki shamba la Kiingereza na ndani likawa la kwetu. Kila mwezi wa kumi tulitandika magazeti. Mwaka jana kitinda mimba alikwenda chuo kikuu, kaskazini huko kwenye upepo, akalichukua. Nilimwonya kwamba ni zee, wenzake watamcheka. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba wenzake wanazunguka maduka ya mitumba wakiyatafuta ya namna hii, na kadiri yanavyochakaa ndivyo wanavyogombania. Akajitazama kwenye kioo. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi.

Vingi vimekwenda. Duka la mzee wa Mwanza sasa linauza vifuniko vya simu. Shangazi amerudi Bukoba, na kila tukiongea huuliza kama koti limefuliwa. Mashine ya nywele ya mama ilikufa kwa cheche moja ya buluu. Ile harufu ya kwanza, ya baba mwenyewe, iliondoka na maji ya sabuni jioni ile na sijaipata tena popote, wala kwenye kopo jipya la nta. Kopo linanikumbusha baba, lakini haliwi baba. Hilo nimelikubali. Sikulikubali haraka.

Chai ya fundi ilikuwa imekwisha. Aliinuka, magoti yakalia, akachukua kikwangulio chake, akaenda kusimama mbele ya ukuta.

"Sasa?" akauliza.

"Usiikwangue. Paka kuizunguka."

"Msimamizi atauliza."

"Mwambie mwenye nyumba amekataa."

Aliniangalia, akaangalia ukuta, akarudisha kikwangulio kwenye ndoo na kuchagua brashi yake ndogo kabisa. Alianza begani, taratibu, akafuata mkono mpaka chini, akapita pindo, akapanda upande wa pili, kama fundi cherehani anayempima mtu aliyesimama wima. Msumari hakuugusa. Nilimwambia auache, mwezi wa kumi koti litarudi kupakwa, nao utakuwa na kazi.